Muulize Maalim: Uzito Uliopotea Kwenye Kikomo

Barua nne za mwezi huu zinahusu somo moja, nalo ni uchambuzi wa namba halisi unaosomeshwa katika shahada ya uzamili ya hisabati. Nimezipunguza urefu bila ya kugusa maswali yenyewe. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyoyaandika mwalimu huyu nimeyasikia kwa wanafunzi wengi, na mimi mwenyewe yaliwahi kunipata.

*Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa skuli ya sekondari hapa Wete. Baada ya kusomesha kidato cha tano na cha sita kwa miaka saba nilipata ruhusa ya masomo, nikaanza uzamili. Muhula wa kwanza tumeanza na nadharia ya vipimo na intigrali ya Lebesgue. Nilidhani nitapita kwa wepesi, maana kalkulasi nimeisomesha mpaka naiota. Mtihani wa kwanza nimepata alama 3 kati ya 20. Swali lilikuwa hili: ikiwa mfuatano wa fankisheni unaelekea sifuri katika kila nukta, je, intigrali zake nazo zinaelekea sifuri? Thibitisha, au toa mfano wa kupinga. Mimi niliandika uthibitisho wa theoremu ya Lebesgue kama nilivyouhifadhi, kurasa mbili nzima, na mhadhiri akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtawala yuko wapi?" Sikumwelewa. Nina maswali mawili. Intigrali tuliyoizoea ina kasoro gani hata tukatafutiwa nyengine? Na hifadhi, ambayo imenivusha tangu chuoni mpaka shahada ya kwanza, kwa nini hapa inaniangusha? Nafikiria kuhamia uzamili wa elimu.*
Mwalimu, Wete

Wa alaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Naanza na wino mwekundu, kwa sababu maneno matatu ya mhadhiri wako yana thamani kuliko kurasa zako mbili.

Chukua fankisheni, yaani kanuni inayoipa kila nukta thamani moja, ambayo thamani yake ni 1 kuanzia nukta n mpaka n+1, na ni sifuri kwengine kote. Ifikirie kama ngalawa iliyopakia tani moja ya mzigo, ikipita kando ya pwani isiyo na mwisho. Wewe umekaa mahali pamoja ufukweni. Ngalawa itakupita mara moja, na baada ya hapo utatazama bahari tupu milele. Kwa hiyo katika nukta yako kikomo ni sifuri, na hivyo hivyo kwa kila aliyekaa popote pwani. Hata hivyo, mzigo ndani ya ngalawa haukupungua hata kilo moja, kwani kila intigrali, yaani eneo lililo chini ya mchoro wa fankisheni, ni 1, na mfuatano wa 1, 1, 1 hauelekei sifuri. Jibu la swali lako la mtihani lilikuwa "hapana", pamoja na mistari mitatu ya mfano huu.

Sasa tumtafute mtawala. Theoremu uliyoihifadhi inasema kwamba kikomo cha intigrali ni sawa na intigrali ya kikomo, lakini inataka iwepo fankisheni moja, isiyobadilika na n, ambayo iko juu ya fankisheni zote za mfuatano na intigrali yake yenyewe ina kikomo, yaani eneo lake si lisilo na mwisho. Jaribu kuipata kwa ngalawa yetu. Kwa kuwa ngalawa inapita kila mahali, mtawala analazimika kuwa angalau 1 kuanzia nukta 1 na kuendelea bila ya kusita, na eneo lililo chini yake halina mwisho. Mtawala hakuna, na kwa hiyo theoremu haina la kusema hapa. Uliandika uthibitisho sahihi wa jambo ambalo halikuulizwa, na naamini alama 3 hizo ni za huruma.

Usiishie kwenye mfano mmoja. Fankisheni iliyo na thamani n kati ya 0 na 1/n, na sifuri kwengine, nayo inaelekea sifuri kila mahali huku eneo lake likibaki 1. Uzito haukukimbia, bali ulijikusanya katika mnara unaozidi kuwa mwembamba na mrefu karibu na sifuri. Ukitafuta mtawala mdogo kabisa, utaona anafuatana na 1/x, na eneo chini ya 1/x karibu na sifuri halina kikomo. Kisha chukua thamani 1/n kutoka 0 mpaka n. Hapa uzito umetandazwa kama karafuu kwenye jamvi, mkeka ukizidi kuwa mpana na tabaka likizidi kuwa jembamba. Mfano huu humshangaza mwanafunzi kuliko ile miwili, kwa sababu fankisheni hizo zinaelekea sifuri kwa mwendo mmoja kila mahali, na bado eneo ni 1. Mtawala wake mdogo kabisa ana thamani 1 katika kipande cha kwanza cha urefu wa 1, nusu katika cha pili, theluthi katika cha tatu, na kuendelea. Jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea haina kikomo, jambo ambalo umelisomesha wewe mwenyewe ubaoni. Katika mifano yote mitatu mlango uliotoroshea uzito ni tofauti, na sharti la mtawala linaifunga yote mitatu kwa komeo moja. Ukilielewa hilo, hutahitaji kukumbuka kwamba theoremu ina sharti, kwa sababu utakuwa unaiona ngalawa.

Na ukiiona ngalawa, lema (theoremu ndogo) ya Fatou ya mwaka 1906, ambayo wanafunzi huihifadhi kama dua ya lugha ngeni, inakuwa sentensi ya kawaida: kwa fankisheni zisizo hasi, uzito unaweza kupotea kwenye kikomo, lakini hauwezi kuzuka. Alama yake ya "ndogo au sawa" haitakugeukia tena.

Kuhusu intigrali mpya, Lebesgue mwenyewe alilieleza jambo hili kwa mfano wa mtu anayelipa deni kwa fedha zilizomo mfukoni, nami nitauhamishia kwa mwenye duka wa Darajani anayefunga hesabu jioni. Ana noti 70 ndani ya droo. Anaweza kuzijumlisha kwa mpangilio zilivyoingia, moja baada ya moja: elfu mbili, elfu kumi, elfu moja, na kuendelea. Hivyo ndivyo Riemann, mwenye intigrali uliyoizoea, alivyofanya mwaka 1854, alipoukata mhimili wa chini vipande vipande na kuvipitia kwa zamu. Au anaweza kuzipanga kwanza kwa thamani: noti 7 za elfu kumi, 12 za elfu tano, 20 za elfu mbili na 31 za elfu moja, kisha akazidisha na kupata shilingi 201,000. Hivyo ndivyo alivyofanya Lebesgue katika tasnifu yake ya mwaka 1902. Kwa noti 70 jawabu ni moja. Tofauti inajitokeza pale noti zinapokuwa zimechanganyika kiasi kwamba kuzipitia kwa zamu hakukufikishi popote.

Dirichlet alitoa mfano wa fankisheni ya namna hiyo mwaka 1829: thamani yake ni 1 kwenye kila namba inayoandikika kama sehemu, na sifuri kwenye kila namba isiyoandikika hivyo. Kata kipande kidogo upendavyo kati ya 0 na 1, na ndani yake zimo namba za aina zote mbili. Ukimfuata Riemann na kuchukua thamani ya juu katika kila kipande, jumla ni 1. Ukichukua ya chini, jumla ni sifuri. Na hata ukikata vipi, 1 na 0 hazitakutana. Ukimfuata Lebesgue, swali linageuka: thamani 1 imekalia urefu gani? Sehemu zote zilizomo kati ya 0 na 1 zinaweza kupangwa foleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chukua rula ya mita moja. Ya kwanza ifunike kwa kikaratasi cha nusu sentimita, ya pili kwa robo sentimita, ya tatu kwa thumuni, na kuendelea hivyo kwa kugawa kwa mbili. Sehemu zote zitakuwa zimefunikwa, na karatasi zote kwa pamoja hazizidi sentimita moja. Badala ya sentimita ungeweza kuanza na milimita, au na unene wa unywele, kwa hiyo urefu wa seti hiyo hauwezi kuwa chochote isipokuwa sifuri. Hesabu inakuwa 1 mara 0, kujumlisha 0 mara 1, na intigrali ni sifuri.

Hata hivyo, kasoro hiyo si sababu kubwa, kwani fankisheni ya Dirichlet hutaikuta kwenye kazi ya mhandisi wa barabara. Sababu kubwa ni vikomo. Fankisheni ambazo Riemann anazimudu zinaweza kuelekea kwenye fankisheni asiyoimudu, mfano wa mtu anayetembea barabarani akakuta barabara imekatika. Kwa Lebesgue barabara hiyo imeunganishwa, kwa masharti, nayo masharti ndiyo uliyoulizwa kwenye mtihani.

Nije kwenye hifadhi. Sitakwambia uiache. Katika darsa zetu mwanafunzi huhifadhi matini kwanza, kisha hukaa mbele ya sheikh akafafanuliwa neno baada ya neno, na hakuna anayedhani kwamba kuhifadhi peke yake kumemaliza kazi. Hapa pia hifadhi maana za istilahi, herufi kwa herufi, kwa sababu nimesahihisha karatasi ambazo uthibitisho wote uliporomoka kwa kuwa mwanafunzi aliandika "wazi" mahali pa "funge". Uthibitisho usiuhifadhi. Usome mara moja, funga kitabu, chukua karatasi tupu na uujenge mwenyewe. Utakapokwama, fungua, tazama mstari mmoja tu, ufunge tena. Kisha kwa kila sharti la theoremu weka alama mahali lilipotumika. Ukimaliza uthibitisho na sharti moja halikutumika popote, ama umekosea, ama umegundua theoremu yenye nguvu zaidi, na kwa uzoefu wangu huwa ni lile la kwanza. Mwisho, liondoe kila sharti kwa zamu na utafute kinachovunjika. Vilivyovunjika viandike katika daftari lao peke yao, ngalawa ikiwa ukurasa wa kwanza.

Mimi daftari hilo nililianza kwa kuchelewa. Nilipokuwa mwanafunzi nilibadilisha mpangilio wa majumlisho mawili kwa kuitegemea theoremu ya Fubini, inayoruhusu kubadilisha huko, bila ya kuangalia sharti lake, na nikapoteza swali zima. Tazama jedwali lisilo na mwisho lenye 1 kwenye mshazari, na hasi 1 katika kisanduku kinachofuata mara moja kulia kwa kila 1. Jumlisha kila mstari: sifuri, sifuri, sifuri, na jumla kuu ni sifuri. Jumlisha kila safu wima: ya kwanza ni 1, zilizobaki zote ni sifuri, na jumla kuu ni 1. Namba ni zile zile. Linakosekana sharti la kwamba jumla ya thamani zote, ukiondoa alama za hasi, iwe na kikomo. Jedwali hilo mpaka leo liko kwenye ukurasa wa pili wa daftari langu.

Uamuzi wa kuhama nakushauri uuahirishe mpaka baada ya mtihani wa pili, ukiwa umefanya hivi kwa wiki sita angalau. Uzamili wa elimu ni kazi ya maana kwa mtu aliyeipenda, lakini wewe katika barua yako hukuandika popote kwamba unaipenda.

*Maalim, mimi nipo dakhalia, mwaka wa kwanza wa uzamili. Kiingereza cha mhadhiri nakielewa, lakini nikiandika mwenyewe nachanganya "kwa kila" na "kuna", natanguliza hili au lile, na alama zinakatwa. Je, mpangilio wa maneno haya kweli una uzito wote huo, au ni ukali wa wasahihishaji?*
Mwanafunzi, Unguja

Mpangilio ndio maana yenyewe, na Kiswahili chako kinalijua hilo kuliko unavyodhani. Nikikwambia kwamba kila mlango wa Mji Mkongwe una ufunguo wake, hutashangaa. Nikikwambia kwamba kuna ufunguo mmoja unaofungua kila mlango wa Mji Mkongwe, utakwenda kubadilisha kitasa leo hii. Maneno ni yale yale, "kila" na "kuna", na kilichobadilika ni lipi lilitangulia.

Sasa chukua x kati ya 0 na 1, bila ya 1 yenyewe, na uipandishe kwenye kipeo cha n. Unataka ishuke chini ya 0.01. Kwa x ya 0.5 inatosha n ya 7. Kwa 0.9 unahitaji 44. Kwa 0.99 unahitaji 459. Kila x ina ufunguo wake, lakini hakuna ufunguo mmoja kwa wote, kwa sababu kadiri x inavyoisogelea 1 ndivyo ufunguo unavyozidi kuwa mkubwa bila ya kikomo. Ukikata kipande chembamba cha mwisho na kubaki na x zisizozidi 0.99, basi 459 inafungua milango yote. Egorov alionyesha mwaka 1911 kwamba hilo si bahati ya mfano huu: katika eneo la kipimo chenye kikomo, mfuatano wa fankisheni zinazopimika ukiwa unaelekea kikomo chake karibu kila mahali, yaani kote isipokuwa kwenye seti ya kipimo sifuri, unaweza kutupa seti ndogo upendavyo na kwenye iliyobaki ukapata ufunguo mmoja. Kabla ya kuandika sentensi yako kwa Kiingereza, iseme kwa Kiswahili, na ujiulize kama unazungumzia funguo au ufunguo.

*Maalim, binti yangu anasoma uzamili wa hisabati Unguja. Nilimuuliza anachosoma, akaniambia anapima seti zisizo na urefu. Mimi mvuvi, ninachopima kina urefu. Bila ya kumvunja moyo, nataka kujua kitu hiki kina mnasaba gani na dunia, na kitamsaidia nini.*
Mzazi, Kojani

Shikamoo, mzee wangu. Jibu liko kwenye maji yako mwenyewe. Wewe unajua bila ya kuambiwa na mtu kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, na katikati yake huwa maji mafu. Wimbi la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na wimbi la jua kila baada ya saa 12. Yanapokwenda pamoja maji hujaa na kutoka kwa nguvu, yanapopingana hudhoofika, na hukutana tena baada ya karibu siku 14 na robo tatu. Maji unayoyaona ni jumla ya mawimbi hayo mawili na mengine madogo mengi, na katika miaka ya 1870 William Thomson wa Uingereza alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyoyajumlisha na kuchora kujaa na kutoka kwa maji kabla ya siku yake kufika.

Aliyedai kwamba umbo lolote linaweza kujengwa kwa jumla ya mawimbi ni Fourier wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto. Wenziwe wakauliza: lolote kweli? Kujua kila wimbi lina nguvu kiasi gani kunahitaji intigrali, na ile intigrali ya Riemann ya mwaka 1854 ilizaliwa ndani ya makala iliyohusu majumlisho haya haya ya mawimbi. Likafuata swali la kama umbo moja lina jumla moja tu ya mawimbi, hata jumla hiyo ikikataa, yaani isifike kwenye umbo lenyewe, katika baadhi ya nukta, na mwanahisabati Cantor, alipokuwa akilifuatilia, ndipo alipoanza kuzichunguza seti za nukta. Mwaka 1966 Lennart Carleson wa Sweden alithibitisha kwamba, ikiwa mraba wa fankisheni una intigrali yenye kikomo, jumla ya mawimbi yake inaweza kukataa kwenye seti isiyo na urefu tu, na si zaidi. Hizo ndizo seti za binti yako, mahali ambapo mawimbi yana ruhusa ya kukosea.

Kuhusu kazi sitakudanganya kwamba kuna ofisi iliyotundika tangazo la kutafuta mpima seti. Lakini tangu Kolmogorov alipoijenga nadharia ya uwezekano juu ya vipimo hivi mwaka 1933, takwimu za juu, hesabu za bima na za hatari katika mabenki zimesimama hapo, na anayetaka kuwa mhadhiri wa hisabati hawezi kulikwepa somo hili. Akija likizo, mtoe nawe siku ya bamvua na umwambie akuchoree hayo mawimbi mawili kwenye mchanga.

*Ikiwa seti ya Cantor ina urefu wa sifuri, si ina maana imebaki na ncha za vipande tu?*
Msomaji, Mkoani

Hapana. Tunaanza na kipande cha 0 mpaka 1, tunaondoa theluthi ya katikati, kisha theluthi ya katikati ya kila kilichobaki, na kuendelea; vilivyoondolewa ni 1/3 + 2/9 + 4/27 na kuendelea, na jumla yake ni 1 kamili. Itazame robo. Katika hatua ya kwanza imo ndani ya kipande cha kushoto, na imesimama kwenye robo tatu ya kipande hicho. Katika hatua inayofuata robo tatu inaangukia kipande cha kulia, na humo imesimama kwenye robo. Itabadilishana hivyo, robo na robo tatu, katika kila hatua, bila ya kuingia katikati hata mara moja, kwa hiyo haiondolewi kamwe. Na si ncha, kwa sababu ukiacha 0 na 1, ncha zote ni sehemu zenye asili ya 3, 9, 27 na kuendelea, na 4 haimo humo.